Resident Evil 2 ya 2019: tamu, ila mzunguko wa pili unaniudhi

Mashabiki wenzangu wa mchezo huu wa video wa kutisha wakikutana lazima wagombane kuhusu Mr. X, zimwi linalokuwinda ndani ya mchezo. Eti jitu lile la kofia linakera, halimpi mtu nafasi ya kutegua mafumbo kwa utulivu. Mimi nalitetea. Uko maktaba ya kituo cha polisi, unasukuma rafu za vitabu, mara unasikia buti zikigonga sakafu kwa mbali, halafu karibu zaidi. Mkono unaganda. Si ndiyo tuliyoifuata hofu yenyewe?

Kasoro kubwa iko kwingine. Wahusika wa kucheza ni wawili, Leon na Claire. Ukimaliza na Leon, unaanza mzunguko wa pili na Claire, ukitegemea akuonyeshe upande mwingine wa usiku uleule. Wapi! Medali za kufungulia njia ya siri kituoni ni zilezile tatu, ya simba, ya farasi mwenye pembe moja na ya mwanamwali, na unazisaka upya kana kwamba hakuna aliyepita pale. Wamebadilisha namba za kufuli na alama za sanamu, basi. Hata Birkin, mwanasayansi aliyegeuka zimwi, kila mmoja anapigana naye kana kwamba mwenzake hayupo duniani. Toleo la awali la 1998, pamoja na picha zake za kizamani, lilijua kuunganisha: bastola-rashasha ukiichukua kabatini na mhusika wa kwanza, wa pili haikuti. Unasimama pale unajiuliza nani ataihitaji zaidi.

Sehemu ya mifereji ya maji taka niiruke tu, inachosha.

Bado naipa nane kwa kumi, kwa sababu ya kituo cha polisi. Kama hujaicheza, anza na Claire. Kirusha guruneti chake kitakufaa sana.