Kuku wa nyama wa haraka hapa Malindi: vifaranga gani ununue, nawapanga toka wa kwanza hadi wa mwisho

Tangu Ramadhani watu waniuliza swali lile lile, ati ninunue kuku gani nifuge hapo nyuma ya nyumba niuze nyama upesi, na kila nikijibu kwa simu nasahau nusu, bora niandike mara moja yaishe. Mimi niko Malindi, banda langu la makuti, kuku 50 kwa mkupuo, si mfugaji mkubwa. Huu mpangilio ni wa mtu kama mimi, mwenye uwanja mdogo na jua la pwani juu ya kichwa. Mtu wa Limuru atapanga vingine na hatakosea, kwao adui ni baridi ya usiku, kwetu adui ni saa 8 mchana.

Namba 1 ni broila wa siku moja, lakini uwanunue msimu wa kusi. Hilo la msimu silisemi kwa kupamba, ndiyo nusu ya jibu. Kuanzia Mei hivi mpaka Septemba upepo wavuma, banda lapumua, broila anakula mchana na usiku. Kaskazi ikishika, hasa Februari na Machi, yule yule broila akifika wiki ya 5 na kilo yake na nusu anaanza kuhema mdomo wazi, mbawa kazitanua, na ukirudi toka sokoni wakuta wamelala chali. Kuku hana jasho, njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema, na akiwa mnene na hewa ina unyevunyevu kama yetu kuhema hakusaidii sana. Februari moja nilizika 11 kwa jioni moja. Wakati huo nilikuwa na paa la mabati. Makuti niliyaezeka wiki iliofuata.

Mbegu ipi? Watasema Cobb 500, watasema Ross 308, watasema Arbor Acres, na wewe usiumize kichwa hapo, zote zakua karibu sawa, kifaranga wa gramu 40 hivi akilishwa vizuri siku ya 35 ana kilo 1.8 hadi 2, na kwa hiyo amekula kama kilo 3 na nusu za chakula. Zidisha kwa 50 ni kilo 175, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 50, stata (chakula cha kuanzia) kwanza kisha finisha (cha kumalizia). Fanya hesabu ya chakula kabla hujaagiza vifaranga, manake kifaranga ndiyo bei ndogo, chakula ndiyo kinamaliza watu. Nimewaona wenye kununua vifaranga 200 pesa ikakatika wiki ya 3, wakaanza kuchanganya pumba na makombo ya wali, na broila akipunguziwa chakula hakuambii kitu, anasimama tu kukua. (Na lile neno la ati wanadungwa homoni ndiyo maana wanakua, jamani, hakuna sindano ya homoni, ni mbegu iliochaguliwa miaka na miaka kwa kukua haraka. Na kwa kuwa ni mchanganyiko wa mbegu kadhaa, ukijaribu kuwazalisha mwenyewe nyumbani watoto hawatoki sawa na wazazi.)

Kinachotofautisha kifaranga mzuri na mbaya si jina, ni alikoanguliwa na alivyosafiri. Vifaranga wengi wetu waja na basi kutoka Mombasa, boksi la 100, na mara nyingi huongezwa 2 za juu. Ukitaka 50 tafuta mtu mgawane boksi. Agiza kwa duka la dawa za mifugo lenye kuchukua toka kampuni inayojulikana, na uliza vitu viwili: wameanguliwa lini, na wamechanjwa nini huko huko. Kifaranga aweza kukaa siku 2 hata 3 bila kula kwa sababu ana kiini cha yai tumboni, lakini jua la kwenye buti la basi halingoji siku 3, kwa hiyo sisitiza basi la alfajiri. Pale stendi fungua boksi kabla hujatoa pesa, usione haya. Mlaze mmoja chali kiganjani, mzima hujipindua saa hiyo hiyo, akibaki miguu juu muache. Angalia kitovu kimefunga, hakina damu wala kidonda cheusi, nyuma hakujaganda mavi, miguu yang'aa haijakauka. Boksi zima lakaa kimya? Rudisha.

Wenzetu wa Lamu kwenu hesabu ni nyingine kidogo. Basi lapita hapa lenda Garsen, Witu, mpaka Mokowe, kisha boti, na chakula nacho chapanda boti hiyo hiyo, halafu punda. Kila gunia limelipiwa mara tatu kabla halijafunguliwa. Shemeji yangu yuko huko, yeye huchukua 30 tu, na hukaa gatini mwenyewe kungoja boksi, haachii mtu.

Namba 2 ni hawa chotara wa rangi, Kenbro, Sasso, Kuroiler, na msimu wa kaskazi mimi nawapandisha namba 1 bila kujiuma ulimi. Kenbro ni wa Kenchic, kampuni ya kuku ya hapa Kenya, Sasso asili yake Ufaransa, Kuroiler ni wa India, na wote wana tabia moja: wakua polepole kuliko broila lakini jua wanalistahimili, watembea, watafuta wadudu, wakijikalia chini ya mwembe hata huna wasiwasi nao. Kilo 2 utazipata wiki ya 10 mpaka 12 hivi, na chakula watakuwa wamekula karibu mara mbili ya broila, hapo ndipo wanapokwama namba 2. Lakini bei yao ya kuuza ni nyingine. Mama anaetaka kuku wa kupaka wa wageni akiona jogoo mwekundu mwenye nyama ngumu kidogo hata habishani sana, na ukimpa broila, mama yule yule atakwambia ati ana maji. Tena hawa hawakulazimishi tarehe. Broila akishafika siku 42 hujauza, kila siku anakula faida yako mbele ya macho yako, Kenbro aweza kungoja Idi.

Namba 3, na hapa najua nitagombana na watu, ni broila walioshalelewa wiki 2 au 3 na mtu mwingine. Yauzwa sana siku hizi, na kwa maneno matamu, ati hatari imeshapita, chanjo zimeshapigwa, wewe ni kulisha tu. Kwa watu wa bara sawa, kulea vifaranga kwenye baridi ni kazi na makaa. Lakini hapa Malindi? Wiki ya kwanza kifaranga ataka joto la digrii 32 au 33, na mchana sisi tunalo karibu bure, balbu ama jiko ni la usiku na alfajiri tu (na jiko likiwa la makaa acha hewa ipite, moshi umeua zaidi ya baridi). Kwa hiyo ukinunua wa wiki 3 umemlipa mtu kwa kazi rahisi, na ile ngumu, zile wiki 2 za mwisho za kupambana na joto, umebakiwa nayo wewe. Na waja na kokisi, maradhi ya kuhara damu, ya banda la wenyewe, unaanza kuona mavi ya damu siku ya nne. Zile chanjo nazo hujui zilipigwa vipi. Ya maradhi ya Gumboro na ya kideri zawekwa kwenye maji, na maji ya mfereji yakiwa na klorini chanjo yafa humo humo ndani ya chupa, mimi huchanganya maziwa ya unga yasio na mafuta kidogo kwanza. Chukua hawa kama kweli huna mtu wa kukaa nyumbani wiki ya kwanza. La sivyo pesa zako.

Kienyeji halisi ni namba 4. Mtamu, hakuna ubishi, lakini ulisema wa haraka, na huyu hana haraka na mtu.

Kabla sijafika wa mwisho, kwa yeyote ulomchagua: usijaze banda. Wanasema futi moja ya mraba kwa kuku, kwetu weka futi moja na nusu. Maranda ya kutandika chini waombe mafundi seremala, wengi hutoa bei ya soda, bora yawe makavu. Kaskazi ondoa chakula saa 4 asubuhi, rudisha saa 10 jioni, wawashie taa wale usiku, manake kuku mwenye tumbo limejaa ndiyo joto humuua kwanza. Na barafu ya wauza samaki, kipande ndani ya kila chombo cha maji saa 7, yasaidia kuliko dawa nyingi nilizonunua.

Wa mwisho kabisa ni majogoo wa leya, yaani wa mbegu ya kuku wa mayai. Hawa huwaulizi, wao ndiyo huja kwako, mtu ana boksi stendi na bei nusu ya zile zingine. Ujanja wake ni huu: kwa zile leya za kahawia, mitetea huzaliwa na rangi ya kahawia na majogoo huzaliwa manjano, manjano kama broila. Siku ya kwanza hutawajua kama huna jicho, labda miguu, ya broila ni minene. Wapime siku ya 7, broila atakuwa amezidi gramu 150 na huyu hata 80 hana. Mimi sikupima. Nililishwa hadithi kwamba bei imeshuka kwa sababu hoteli hazina wageni, nikachukua 50, nikawapa stata ya broila kwa raha zangu, wiki ya 5 wako kama njiwa. Walipotimia miezi 5 ndiyo walifika kilo na nusu, na chakula walichokula hata sikukiandika. Mmoja bado yuko, awika hapa dirishani kabla ya adhana, na jirani kila asubuhi aniuliza broila wako wa miezi 9 hujambo.