Orodha ya ukaguzi au uzoefu wa fundi?

Fundi mzoefu akiijaribu programu bila mwongozo, hunasa hitilafu ambazo hakuna orodha ingezitaja: anabonyeza "Tuma" mara mbili harakaharaka, na malipo yanakatwa mara mbili. Hapo uzoefu unashinda, sibishi.

Siku ya kuweka toleo jipya, naegemea orodha. Kazi ya kurudiarudia humponyoka hata mjuzi, kwa kuwa ameizoea. Mwaka 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, iliweka programu mpya kwenye seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) saba kati ya nane. Ya nane ikasahaulika, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kuhakiki. Ndani ya dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zikayeyuka. Mstari mmoja ungetosha: seva zote nane zina toleo lilelile?