EarthBound na kaseti yake: uzoefu wangu wa kuicheza na kuitunza Tanga

Nimeicheza EarthBound, mchezo wa video, mpaka mwisho, na kaseti yake halisi ya Super Nintendo, mashine ya michezo ya kampuni ya Nintendo, ninayo nyumbani, hapa Chumbageni. Nasema mapema kwamba utamu wa mchezo huu na bei ya kaseti yake ni mambo mawili yenye asili tofauti. Utamu haujapungua hata kidogo baada ya miaka yote hii. Bei imepanda kwa sababu ambazo kwa kiasi kikubwa hazitokani na utamu huo, na mnunuzi asiyezijua ataumia mfukoni.

Mchezo ulitoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, kisha ukatolewa Marekani Juni 1995 kwa jina la EarthBound. Aliyeubuni na kuuandika ni Shigesato Itoi, ambaye kazi iliyomjengea jina kwao ilikuwa kuandika matangazo ya biashara, na jambo hilo linaonekana katika kila sentensi fupi inayosemwa na watu wa mchezo huu. Kazi ilichukua muda mrefu na ikafikia mahali pa kukwama, ndipo akaitwa Satoru Iwata, mtaalamu wa programu ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Nintendo. Inasimuliwa kwamba aliwaeleza waziwazi kuwa kukitengeneza kilichopo kungechukua miaka miwili, lakini kuanza upya kungechukua nusu mwaka. Wakaanza upya.

Michezo ya aina hii, ambayo mchezaji huongoza kikundi cha wahusika na kuwakuza nguvu pambano kwa pambano, enzi zile ilijaa mapanga, majumba ya kifalme na mazimwi. Itoi alimchukua mtoto wa kawaida, Ness, akamvalisha kofia, akampa gongo la besiboli na kumtoa nje ya nyumba yao usiku ambao kimondo kimeanguka karibu na mji. Maduka yanauza hambaga, hospitali inatoza fedha, na maadui ni mbwa waliopotoka, vibao vya barabarani, hata michoro ya sanaa. Maadui unawaona wakija, na ukishakuwa na nguvu za kutosha, wadogo hukukimbia, au mchezo hukupa ushindi papo hapo bila kukupotezea muda.

Kuna ubunifu mmoja wa kiufundi ambao hadi leo naona haujapewa heshima inayostahili. Unapopigwa, uhai wako haukatwi mara moja. Namba zake huteremka moja moja, zikizunguka kama za mita ya maji. Ukipata pigo la kukuua, bado una sekunde chache za kujitibu au kummaliza adui kabla namba hazijafika sifuri, na ukifanikiwa, unabaki hai. Pambano la kuchagua maneno kwenye orodha, ambalo kwa kawaida ni la utulivu, ghafla linakutoa jasho.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni baba. Baba yake Ness haonekani popote katika mchezo. Yeye ni sauti ya simu tu. Kila unapowashinda maadui, yeye huingiza fedha benki, nawe unazitoa kwenye mashine ya fedha mjini. Ukitaka kuhifadhi mchezo ulipofikia, unampigia yeye, na ukicheza kwa saa nyingi mfululizo, yeye ndiye anayepiga kukushauri upumzike. Mama yuko nyumbani, na Ness akikaa mbali naye muda mrefu, hushikwa na hamu ya kwao kiasi cha kupoteza zamu yake katikati ya pambano, mpaka ampigie mama simu na kusikia sauti yake. Wachambuzi wengi wa ng'ambo huyataja haya kama vituko vya kuchekesha. Katika mji wa bandari kama wetu, ambako watoto wengi wamelelewa na mama huku baba akiwa melini, au Maskati, au Dar es Salaam, na ukaribu wake ukapimwa kwa simu na fedha alizotuma, jambo hili linasomeka kwa uzito mwingine kabisa. Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, aliusimamisha mchezo akaniuliza, "Mjomba, kwani huyu baba anarudi lini?" Nilimwambia aendelee kucheza. Mchezo unaoweza kumfanya kijana aulize swali hilo kwa dhati, kwa maandishi machache tu yaliyo juu ya picha ya simu, umeandikwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Kuhusu pambano la mwisho dhidi ya Giygas, adui mkuu wa mchezo, nitasema kidogo ili nisimharibie mtu: silaha inayofaa pale ni sala ya msichana aitwaye Paula, mmoja wa wenzake Ness, na jina ambalo mchezo ulikuuliza njiani, jina lako wewe unayecheza, halikuulizwa bure.

Sasa bei. Nintendo iliuza EarthBound Marekani ndani ya boksi kubwa kuliko la kawaida, kwa kuwa kila nakala ilikuja na kitabu cha mwongozo, chenye kadi za kukwaruza zinazotoa harufu. Matangazo nayo yakajengwa juu ya kauli kwamba mchezo huu unanuka. Wanunuzi hawakuvutwa, inakadiriwa kwamba nakala zilizouzwa kule ni takriban 140,000, na Ulaya haikuuzwa kabisa wakati ule. Kisha mwaka 1999 Ness akatokea katika Super Smash Bros., mchezo wa Nintendo unaowapambanisha wahusika wa michezo yake mbalimbali, watoto wakataka kujua ametoka wapi, na kaseti zilizokuwapo hazikutosha. Maboksi makubwa ya karatasi ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kutupwa, kwa hiyo leo kaseti peke yake huuzwa kwa mamia ya dola, na iliyo kamili, yenye boksi, mwongozo na kadi ambazo hazijakwaruzwa, huvuka dola elfu moja. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo mnunuzi anailipia karatasi.

Mimi nina kaseti bila boksi, niliyonunuliwa na binamu yangu anayeishi Marekani, nami sijutii kulikosa boksi. Hewa ya chumvi na unyevu wa hapa pwani hula karatasi bila huruma, na kulitunza boksi la thamani hiyo kunahitaji chombo kisichopitisha hewa na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa mara kwa mara. Kaseti ya plastiki ni mvumilivu zaidi. Meno yake ya shaba nayasafisha kwa pamba na spiriti. Mashine ya Marekani inataka umeme wa volti 120, kwa hiyo anayetaka kuitumia hapa kwetu atafute kwanza transfoma ya kushusha umeme.

Nakala bandia ni nyingi mno, na picha ya lebo haitoshi kumhakikishia mnunuzi. Omba uoneshwe kibao cha saketi kilicho ndani ya kaseti, ambacho kwenye kaseti halisi kimechapwa jina la Nintendo. Skrubu zake zinahitaji bisibisi maalumu, na muuzaji makini huwa nayo. Watengenezaji wenyewe waliweka mtego mkali: mchezo ukitambua kuwa umenakiliwa, huongeza maadui kupita kiasi, na ukivumilia mpaka pambano la mwisho, hukwama na kufuta kila ulichohifadhi. Wanaonakili siku hizi wanajua kuuondoa mtego huo, kwa hiyo mchezo kwenda vizuri si ushahidi wa uhalisi.

Anayetaka kucheza tu hana sababu ya kulipa bei hizo. Tangu Februari 2022 EarthBound imo katika Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia ya mtandaoni ya mashine ya Nintendo Switch, na ni mchezo uleule. Anayetaka kushika kitu mkononi anaweza kutafuta kaseti ya Kijapani ya Mother 2, ambayo ni rahisi mno kuliko ya Marekani kwa kuwa ziliuzwa nyingi zaidi, ingawa maandishi yake ni ya Kijapani na umbo lake halitoshei mashine ya Marekani bila marekebisho. Kwa atakayeamua kununua ya Marekani kama nilivyoamua mimi, aulize pia kuhusu betri ndogo iliyo ndani, inayolinda kumbukumbu za mchezo, maana nyingi ni zilezile za mwaka 1995. Yangu ilibadilishwa na fundi simu wa Ngamiani, akaweka kishikilio ili safari ijayo betri itolewe bila kuchomelewa.