Tahadhari: "mwalimu wa insha" wa Forodhani ni tapeli, kanila laki mbili na nusu

Jamani, mie nimeliwa. Naandika huku mikono inatetemeka, sijui ni hasira au ni aibu, kwa hivyo mkikuta maneno makali nisameheni. Wale tulio pamoja kwenye maombi ya vyuo mnajua namna safari hii nilivyokuwa sitaki kukosea.

Tangazo lake mumeliona, mmoja wenu ndiye aliyenirushia (sikulaumu, na wewe hukujua). Eti anaboresha insha za kuombea vyuo vya Marekani. Nikamwandikia, akanijibu kwa sauti, Kipemba kitupu: "Mie mwana wa Chake, dada'angu, siwezi kumla mtu wa kwetu."

Tukakutana Forodhani Alkhamisi baada ya Magharibi. Kaninunulia juisi ya miwa kwa pesa yake, na wallahi hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwake. Kafungua laptop pale pale ukutani, kaibandika insha yangu kwenye programu moja, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikatoka namba nyekundu: 41. Hakusema kitu. Kaigeuza laptop ili niione vizuri, kanywa juisi yake, ndipo akasema kwa upole kama daktari: "Kwa alama hizi, dada'angu, hata kusomwa hutosomwa." Nilihisi tumbo linakatika. Insha niliyoiandika wiki tatu!

Msinicheke. Huyu mtu anaijua kazi. Aliniambia insha ya Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, mwisho wake ni maneno 650, yangu ilikuwa na 812, na ni kweli, ile fomu haikupokei ukizidisha. Aliyajua maswali yote saba, akajua kwamba la mwisho unajichagulia mada mwenyewe. Tena ikaadhiniwa Isha, akainuka, akaniambia "niangalizie laptop", akenda kusali. Mtu anakuachia laptop yake akenda msikitini, utamshuku vipi? Aliporudi nishakuwa na simu mkononi. Laki na nusu nikamtumia hapo hapo. Jumamosi akataka elfu sitini "ya haraka". Jumapili elfu arobaini "ya mashine ya kukagua wizi wa maandishi". Nikatuma zote. Pesa ya karafuu za bi mkubwa.

Na insha yenyewe ilikuwa ya karafuu. Niliandika habari za bibi, tukichambua usiku kwa kandili, makonyo upande huu, karafuu upande huu, vidole vyake vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni, na namna alivyokuwa akijua karafuu zimekauka kwa kuivunja moja karibu na sikio. Ikilia "ta", anazikusanya. Hayo ndiyo niliyotaka watu wa Marekani wayajue.

Jumatano insha ikarudi. Bibi yupo, ila karafuu hazipo. Bibi yangu wa Wete, ambaye maisha yake yote baridi aliyoijua ni ya kipupwe, anaamka alfajiri kuondosha theluji mlangoni ili jirani apite! Theluji, Wete! Nilicheka kwanza, wallahi, kisha nikaanza kulia. Nikachukua sentensi moja, nikaitia baina ya alama za kunukuu, nikaitafuta Google. Ikaja neno kwa neno, kwenye ukurasa wa chuo kimoja, insha ya mwanafunzi aliyekubaliwa huko nyuma, imewekwa bure watu wajifunze. Nikarudi kwenye lile faili lake la "insha 50 za siri" alilonipa kama zawadi. Nilizozitafuta zote zimetoka kurasa kama hizo, kazi yake ilikuwa kupiga nembo yake juu.

Na ile 41? Ni programu ya kurekebisha sarufi, ipo bure, hata mie sasa ninayo. Alama zake ni za tahajia na koma na urefu wa sentensi. Mtu wa chuo anayesoma insha yako haioni namba hiyo wala haimhusu.

Fikirini ningeituma. Kabla ya kupeleka fomu unatia saini kwamba kazi hii ni yako mwenyewe. Wakigundua si yako wanaweza kukufutia hata kama wameshakukubali. Yaani kanila pesa na alikuwa anitie shimoni juu yake.

Nilipomuuliza akajibu "hukusoma masharti", kisha akanibloki. Masharti gani! Mtu huyu atiwe ndani. Mie polisi Madema nakwenda, nna meseji zote na risiti zote za simu, na mwengine aliyeliwa aje twende pamoja, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015 na haikuwekwa pambo. Na akitoka huko, bibi zetu wamchambulishe karafuu msimu mzima bila ya malipo, tuone kama kuna theluji.

Dalili? Zilikuwepo, mie ndiye niliyekuwa kipofu. Jina lililotokea nilipotuma pesa si jina alilonambia. Kila siku ada mpya. Kaniahidi "asilimia mia utakubaliwa". Na hili ndilo baya kuliko yote: kaniomba neno la siri la akaunti yangu ya Common App, nikampa. Nshalibadilisha. Kama na wewe ulimpa, badilisha sasa hivi, usimalize hata kusoma.

Vya bure vipo na ndivyo alivyokuwa akituuzia. Purdue OWL, tovuti ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue, wana maelezo ya uandishi mpaka utachoka, tovuti ya masomo ya Khan Academy wana masomo ya insha za vyuo, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wanaweka wenyewe insha za waliokubaliwa na maoni yao kwa nini zimewapendeza. Soma uone mtu anavyoanza na anavyofunga, ufunge ukurasa, uandike yako. Kisha mpe mwalimu wako wa skuli akusomee, atakwambia wapi hakukuelewa, na soda itamtosha.

Mie insha ya zamani nimeirudisha, nimeikata mpaka 644. Makonyo yamebaki, na ile "ta" imebaki.

Bi mkubwa bado hajui. Mkikutana naye Wete, nyinyi hamjasoma kitu.