Uzoefu wangu na prefers-reduced-data: wazo zuri, vivinjari bado

Sharti hili la CSS, lugha ya kupangilia mwonekano wa kurasa za wavuti, humvutia mtengenezaji wa tovuti papo hapo: mgeni akiwasha kiokoa data, kivinjari kinakujulisha, nawe unampa ukurasa usio na mapambo mazito. Limo katika rasimu ya Media Queries ngazi ya 5, kanuni za masharti ya CSS, na lina thamani mbili tu: reduce (mgeni anataka kubana data) na no-preference (hajaomba lolote). Nimelijaribu kwenye tovuti yenye picha kubwa ya mandharinyuma na fonti ya kupakuliwa.

Likikubali, linakubali kweli. Picha ya mandharinyuma iliyo ndani ya sharti lisilotimia haipakuliwi kabisa. Fonti nazo vivyo hivyo: weka @font-face, amri ya kupakua fonti, ndani ya sharti, na anayebana data atasoma kwa fonti iliyomo tayari kwenye simu yake, tena maandishi yanatokea mara moja. (Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo hata asiyebana chochote unaweza kumpunguzia faili la fonti.) Msijidanganye tu kwa kuficha img (picha iliyowekwa ndani ya ukurasa) kwa display: none. Mgeni haioni picha, lakini kwa kawaida data yake imeshaliwa.

Kasoro iko kwenye vivinjari. Ili nilijaribu, ilibidi niliwashe mwenyewe katika mipangilio ya majaribio, na hakuna mgeni atakayehangaika hivyo. Halafu kuna mtego: kivinjari kisicholijua huliona halijatimia, uandike reduce au no-preference. Mapambo ukiyaweka chini ya no-preference, karibu kila mtu anapata ukurasa mwepesi. Wepesi ukiuweka chini ya reduce, karibu kila mtu anabeba mzigo. Fonti nimeziacha kwa njia ya kwanza. Hakuna aliyelalamika, na sidhani kama kuna aliyegundua.

Mwenye tovuti aliitaka picha yake ionekane, kwa hiyo hapo nimetumia Save-Data: on, taarifa ambayo baadhi ya vivinjari huituma pamoja na ombi la ukurasa. Seva inaisoma na kuongeza klasi (jina ambalo CSS hulitambua) kwenye html, CSS inamalizia. Jibu la seva liwe na Vary: Save-Data, la sivyo kashe, yaani hifadhi ya nakala za kurasa, itazichanganya kurasa na anayebana data atapewa ule mzito.

Kwa sasa nyota 3 kati ya 5. Vivinjari vikiliwasha kwa wote, msimbo wangu wa seva naufuta siku hiyo hiyo.