TAHADHARI: Wanaouza mashine za kadi na vibao vya lipa namba madukani Dodoma

Wafanyabiashara wa Majengo, Sabasaba, Soko la Job Ndugai, na nyie wenye fremu Area D, Kisasa na Ilazo: kuna vijana wanapita duka kwa duka wakiuza mashine za kadi na vibao vya lipa namba, ile namba ya duka ambayo mteja analipia kwa simu. Ni matapeli. Wanavaa nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na begini mna mashine mbili tatu pamoja na kile kidude cha kuchukulia alama za vidole. Usiwape hela, usiwape simu yako waishike, na usiwape kidole. Kidole nimekitaja makusudi, nitafika huko.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha hapa Majengo. Muamala ukimgomea mtu, kibandani kwangu ndiko anakokimbilia, kwa hiyo haya nimeyaona kwenye simu za watu wenyewe, sijasimuliwa. Aliyelizwa vibaya zaidi ni jirani yangu, mama anayeuza vitenge na mashuka. Alikuja kutaka nimtolee 740,000 "za kwenye lipa namba". Tukaingia menyu kwenye simu yake. Hakuna kitu. Laini ile haijawahi kuwa na lipa namba ya aina yoyote, ni laini ya kawaida tu, na salio lilikuwa elfu nne na ushee.

Jamaa wanaujua msimu. Bunge la bajeti likikaribia, kuelekea Aprili, mji unajaa. Tangu Serikali ihamie huku, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mteja anayeuliza "mnapokea kadi?" si wa ajabu tena, na mwenye duka anayejibu "hapana" anamwona mteja huyo akivuka barabara kwenda kwa jirani. Kijana akiingia na dawa ya tatizo hilo, anakukuna panapowasha.

Kwa jirani yangu kijana aliingia na adabu zake zote. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, wabunge hao wanaingia, wageni wote wana kadi, wewe bado unadai noti?" Akatoa mashine, akatoa kadi yake mwenyewe, akaigusisha. Mashine ikalia, karatasi ikatoka na neno APPROVED kwa herufi kubwa. Mama akaita na wenzake waje waone. Bei: 280,000, ambayo wanaiita dhamana, eti mkataba ukiisha unarudishiwa. Juu ya hapo 20,000 za kibao cha lipa namba. Makato je? "Hakuna makato, mama, maisha yote."

Karatasi ile mama aliitunza, nikaisoma. Mahali pa jina la duka palikuwa patupu, na juu kabisa kwa herufi ndogo kulikuwa na neno DEMO. Alishamuuliza kijana maana yake, akajibiwa, "Ni Dodoma hiyo mama, wamefupisha." Nilicheka, Mungu anisamehe.

Mashine nyingi za kadi zina hali ya majaribio, ya kufundishia watu kazi. Ukiiweka kwenye hali hiyo inakubali kadi na kutoa karatasi, lakini hakuna senti inayosogea. Muamala wa kweli una safari: ombi linakwenda kwa benki au kampuni iliyokupa mashine, linapita kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, linafika benki ya mteja, benki hiyo inaangalia salio na kukubali au kukataa, kisha jibu linarudi, yote kwa sekunde chache. Hela yenyewe inaingia kwenye akaunti ya duka baadaye, mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Ili hayo yawezekane, mashine lazima iwe imefungwa kwenye akaunti ya biashara yako, iwe na namba yake ya utambulisho, na iwe na funguo za siri zilizopakiwa na benki au kampuni iliyoitoa. Ndiyo maana mashine ya kadi hainunuliwi mkononi kama redio. Hata ukiuziwa iliyo nzima kabisa, kama haijafungwa kwenye akaunti yako, ama haitafanya kazi, ama itamfanyia kazi mwenye akaunti.

Karatasi halali ina jina la duka lako, namba ya mfanyabiashara, namba ya mashine, tarakimu za mwisho za kadi ya mteja na namba ya idhini. Isome siku ya kwanza, kisha fungua akaunti yako uone kama hela imeingia. Na ukiambiwa ukiwa na mashine hiyo huhitaji tena EFD, kataa hapo hapo. EFD ni ya risiti za kodi, na wanaoiuza ni wale tu walioidhinishwa na TRA.

Upande wa kadi mama hakupoteza sana: mashuka kadhaa yaliondoka na wateja ambao wala hawana kosa, maana kwenye akaunti zao hakikukatwa kitu. Walimmalizia kwenye lipa namba.

Kibao kilikuwa kizuri, kina rangi za mtandao, jina la duka na namba chini yake. Mteja akilipa, jina la duka linatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, na hela inaondoka kweli. Inakwenda kwenye laini iliyo mfukoni mwa kijana. Jina linalomtokea mteja ni lile lililoandikwa wakati wa kusajili. Halimwambii laini yenyewe iko mkononi mwa nani. Kwa hiyo wale wanaoshauri "angalia jina tu" wanakupa nusu ya dawa.

Na ujumbe mama alikuwa anaupata, ndiyo maana hakushtuka. Kijana alipoomba simu ili "aunganishe mfumo", alichofanya ni kuhifadhi namba yake mwenyewe kwenye majina ya simu ya mama, akaiita LIPA NAMBA. Basi kila hela ikiingia kwake, anamwandikia mama: umepokea TSh 35,000, salio lako jipya ni kadhaa. Kwenye kioo unasomeka ujumbe kutoka LIPA NAMBA. Nilipogusa jina la mtumaji, ikatokea namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Ujumbe halisi wa kampuni ya simu unakuja kwa jina la huduma, na nyuma yake huoni namba ya mtu. Halafu nikakuta jumbe tatu za siku tofauti zina namba moja ya kumbukumbu ya muamala. Haiwezekani. Kila muamala una namba yake, hata ukilipa mara mbili ndani ya dakika moja.

Mwanzoni alimletea 60,000 taslimu, "hela yako ya wiki hii mama", ili imani ikae. Baadaye akamwambia mfumo umebadilika, hela inalala halafu itaingia kwa mkupuo. Huo ni uongo mtupu. Mteja akilipa kwa lipa namba, hela inaonekana kwenye salio lako la biashara muda huo huo, na ni wewe mwenye laini na namba ya siri unayeitoa au kuihamisha. Ukisikia neno "inalala", amka.

Kabla hujatundika kibao chochote ukutani, chukua laini nyingine ujilipe shilingi 1,000. Kisha shika simu yako mwenyewe, ingia menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#), tazama salio la biashara, halafu itoe ile elfu moja au ihamishe. Ukishindwa, kibao hicho si chako hata kama kimeandikwa jina la baba yako mzazi. Na asubuhi ukifungua duka, pitisha ukucha pembezoni mwa kibao na kwenye picha ya QR. Kubandika stika juu ya stika ni kazi ya sekunde tano mwenye duka akiwa anapima kitambaa, na QR macho ya mtu hayaisomi.

Sasa kidole. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, jambo zuri. Kijana anakwambia lipa namba inahitaji kuhakikiwa, anakutolea kidude chake, unaweka kidole. "Haijasoma mama, rudia." Unarudia. "Jaribu kingine." Kila unaporudia, inawezekana umesajiliwa laini mpya usiyoijua. Tulipiga *106# kwenye simu ya mama, tukafuata maelekezo, tukakuta laini mbili zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake ambazo hajawahi kuziona. Laini za namna hiyo ndizo zinazotuma zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii". Polisi wakiifuatilia namba, jina linalotoka ni la muuza vitenge wa Majengo. Kila mtu apige *106# leo, hata ambaye hajawahi kukutana na hao vijana. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho chako ikafungwe.

Ukianza kusitasita wanabadilisha wimbo: "Mama, hili ni agizo la Benki Kuu, TANQR, kila duka lazima." TANQR ipo kweli. Ni utaratibu wa msimbo wa QR uliowekwa na Benki Kuu ili mteja wa mtandao au benki moja aweze kulipa duka lililosajiliwa kwingine kwa kutumia QR ile ile. Matapeli wanapenda kujificha nyuma ya kitu cha kweli. Lakini Benki Kuu haipiti Sabasaba na begi ikikusanya 20,000. Biashara ya kutoa huduma za malipo nchini inahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT). Mwambie kijana akutajie jina kamili la kampuni yake, ulitafute mwenyewe. Wengi wanaondoka kabla hujamaliza kuandika.

Nisije nikawaharibia na wale wanaofanya kazi halali. Maofisa wa kampuni za simu na benki wanapita madukani kweli kusajili watu, mimi mwenyewe nawajua kadhaa. Tofauti yao utaiona: hawahitaji namba yako ya siri, malipo yakiwepo yanakwenda kwa kampuni na si kwenye simu ya ofisa, na ukimwambia "tukutane tawini kwenu kesho" hakasiriki. Benki nyingi zina matawi hapa mjini. Nenda na leseni ya biashara, TIN na kitambulisho, omba mashine, uliza makato kwa kila muamala, na soma mkataba. Makato yapo, asiyekutoza kitu anakula kwingine. Kuhusu wale wanaosema turudi kwenye noti tu, mimi siungi mkono. Noti bandia nazikuta kibandani, na mwenye duka anayerudi nyumbani usiku na mauzo ya siku nzima mfukoni ana hatari yake pia.

Wanunuzi, na nyie mna lenu. Ukiambiwa "gusa kadi" kwenye duka ambalo hujalizoea, subiri ujumbe wa benki yako. Mashine ikikubali na benki yako iko kimya, mwambie mwenye duka, huenda naye kauziwa kanyaboya. Kama uliingiza PIN kwenye mashine ya namna hiyo, ibadilishe siku hiyo hiyo, maana mashine isiyo na benki nyuma yake inaweza kutengenezwa ihifadhi kila unachobonyeza. Ule mstari mweusi wa sumaku nyuma ya kadi ni rahisi kunakiliwa kuliko chipu, kwa hiyo muuzaji akiacha chipu akang'ang'ania kuchanja huo mstari, lipa kwa simu.

Walioshalipa: msiitupe mashine wala kufuta jumbe, huo ndio ushahidi. Bandueni kibao leo. Pigeni 100 huduma kwa wateja, mtaje ile lipa namba ifungiwe, kwa sababu ikiwa hai bado inakula wateja wenu. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vitumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kisha nendeni Kituo cha Polisi mkachukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hawa. Mama wa vitenge ameshaenda, na wengine watatu wa mstari wetu wamemfuata. Mkienda wengi mkiwa na namba ile ile ya simu, kesi inakuwa na uzito.

Usiangalie sura wala fulana, wanabadilisha, na juzi aliyepita Sabasaba alikuwa binti. Angalia maneno: dhamana, hakuna makato, nipe simu niunganishe, rudia kidole. Habari nilizopata jana ni kwamba wameonekana Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, wanawaambia wanunuzi wa mazao watalipwa kwa kadi na wafanyabiashara wa Dar. Mwenye ndugu Kibaigwa au Kongwa ampigie sasa hivi, asisubiri jioni.