Chanjo au kutokaribiana: kipi kinazuia mlipuko?

Tuanze na hesabu. Mwanzoni, mgonjwa 1 wa korona alikadiriwa kuambukiza watu kama 3. Ukitegemea chanjo pekee, tena inayozuia maambukizi kabisa, lazima ukinge theluthi mbili ya watu. Wakipunguza kukutana kwa theluthi moja, nusu inatosha.

Kwa uharaka, kutokaribiana kunashinda: Kenya iliweka kafyu Machi 2020, chanjo zikafika Machi 2021. Lakini kunauma. Kafyu ya saa 1 jioni ilimzimia muuza chipsi jiko wakati wateja ndio wanatoka kazini. Chanjo haifungi kibanda, ila yataka majokofu, na kinga hufifia.

Mlipuko umezuka na dozi hazijafika kwenu? Achianeni nafasi. Zimefika? Chanjeni wazee kwanza, barakoa zisivuliwe bado.